Jumla imegoma kubadilika kwenye Excel? Tazama kwanza ule mstari wa juu

*"Habari. Mimi ni mhazini wa kikoba, tuko akina mama 24. Binti yangu alinitengenezea faili la Excel kabla hajarudi chuo, majina yako mstari wa 5 mpaka 28, wiki 12 ziko kolamu C mpaka N, jumla ya kila mtu iko kolamu O. Wiki ya 8 mwanachama wa mstari wa 7 alikuwa amefikisha 80,000, jioni akaniongezea 5,000 kwa simu, nikaenda pale O7 nikafuta nikaandika 85000. Wiki ya 9 ameleta 10,000, nimeiandika kwenye wiki yake lakini jumla imekaa palepale 85,000. Halafu kule juu kuna sehemu inaandika mambo kama =SUM(C5:N5), nikiigusa kisha nikibofya pengine inajiandikia vitu yenyewe, naogopa. Sasa hela tulizonazo zimezidi za kwenye kompyuta kwa 25,000. Na kuna sehemu tatu niliandika 5000/= zimekaa upande wa kushoto, sijui kwa nini. Kijana wa steshenari anasema ni virusi, nifute faili nianze upya. Nifanyeje?"*

Pole dada mhazini, na nianze na hili ili ulale usingizi: si virusi, na usifute faili. Hela kuzidi kwenye sanduku kuliko kwenye kompyuta inatisha hasa ukiwa wewe ndo mshika hela ya watu, lakini kwa maelezo yako hayo tu naona hela haijapotea wala haijaongezeka, kilichotokea ni kwamba kompyuta imeacha kuhesabu baadhi ya vitu kwa sababu iliambiwa iache. Iliambiwa na wewe bila kujua, na usijilaumu, mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza kazini nilishaandika namba juu ya fomula kwenye karatasi ya mishahara, na nikaja kugundua baada ya miezi miwili.

Sasa hebu tuelewane kuhusu huo mstari unaouogopa. Wengine wanauita upau wa fomula, wengine fomula bar tu, ni ule mstari mrefu mweupe juu ya majedwali wenye alama ya fx pembeni. Watu wengi wanadhani ni pambo, au ni sehemu ya "wataalamu", wakati kiukweli ndo sehemu pekee kwenye Excel inayokuambia ukweli. Kile kisanduku kule chini, yaani seli, kinakuonyesha sura tu. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, basi seli ndo panaelea na huo mstari wa juu ndo unaona vilivyoundwa. Ukibofya O5 chini unaona labda 90,000, juu unaona =SUM(C5:N5), maana yake hapo O5 hakuna 90,000 iliyoandikwa popote, kuna agizo: jumlisha kuanzia C5 mpaka N5. Hiyo 90,000 ni jibu la agizo, na agizo linasomwa upya kila ukibadilisha kitu kati ya C5 na N5.

Ile alama ya = mwanzoni ndo inayofanya kazi yote. Seli ikianza na = Excel inajua hili ni agizo la kuhesabu, bila = inachukua ulichoandika kama kilivyo, namba ni namba, maneno ni maneno. Na seli moja inabeba kitu kimoja tu, haiwezi kubeba agizo na namba uliyoandika kwa mkono kwa pamoja. Kwa hiyo ulipoenda O7 ukaandika 85000 ukabonyeza Enter, lile agizo =SUM(C7:N7) lilitoka likaingia 85000, basi. Siku ile ilionekana sawa kabisa kwa sababu 85,000 ndo ilikuwa jumla sahihi ya siku ile! Hapo ndo ubaya wake, kosa lenyewe halina sura ya kosa, hakuna alama nyekundu wala mlio. Wiki ya 9 ukaweka 10,000 kwenye K7 lakini O7 haiitazami tena K7, imekuwa namba tu kama namba ya nyumba. Bofya O7 sasa hivi utazame juu, utaona 85000 tupu bila =. Kisha bofya O6 uone tofauti. Ukielewa hizo seli mbili umeshaelewa nusu ya Excel, sitanii.

Hiyo ni 10,000 kati ya 25,000 zako. Bado 15,000, na macho yangu yako kwenye zile 5000/= tatu. Sisi tumezoea kuandika 5000/= kwenye daftari na kwenye risiti, lakini kwa Excel ile /= inageuza namba kuwa maneno, ni sawa na umeandika "elfu tano" au "mama Neema". Ndo maana ikakimbilia kushoto: Excel isipoamriwa vingine inapanga namba kulia na maneno kushoto, kwa hiyo namba ukiiona kushoto ujue haijatambulika kama namba. Na SUM ikikutana na maneno katikati ya namba hailalamiki, inayaruka kimyakimya inaendelea. Tatu mara 5,000 ni 15,000, ukijumlisha na ile 10,000 unapata 25,000 yako kamili. Sijaliona faili lenyewe lakini sitashangaa kama hapo ndo mwisho wa mchezo. Kama unapenda kuona neno shilingi au alama ya mkato kwenye elfu, andika 5000 peke yake halafu umbo lake ulibadilishe kwenye Format Cells, hapo sura itabadilika na namba itabaki namba. (Hii hii ndo inawasumbua watu kwenye namba za simu, unaandika namba inayoanza na 07 sifuri inapotea, kwa sababu kihesabu sifuri ya mbele haina maana. Ukitanguliza kialama cha ' mbele ya namba ya simu inabaki nzima, na hicho kialama utakiona kule juu tu, kwenye seli hakionekani.)

Tuje kwenye kurekebisha. Kwanza kabisa kabla hujagusa chochote, sevu nakala nyingine ya faili kwa jina jingine, weka tarehe ya leo, na hiyo usiiguse. Halafu bofya O6 ambayo bado ina agizo zuri, kopi, nenda O7, pesti. Excel ina akili hapo, haitapesti C6:N6 kama ilivyo, itasogeza yenyewe iwe =SUM(C7:N7) kwa kuwa umeshuka mstari mmoja, na tazama juu uhakikishe imeandika 7 na si 6. Ukimaliza hapo O7 itaonyesha 90,000 na utashtuka kwamba haijafika 95,000, subiri. Ile 5,000 ya kwenye simu hukuiandika kwenye wiki yoyote, uliibandika kwenye jumla tu, kwa hiyo agizo likirudi yenyewe inaanguka nje. Iweke sehemu yake: wiki ya 8 ni kolamu J, kwa hiyo bofya J7, tuseme pale juu kuna 10000, ifanye iwe =10000+5000 kisha Enter. J7 itaonyesha 15,000 na O7 itakuwa 95,000 ambayo ndo hesabu halali. Kwa nini nisikuambie tu uandike 15000? Unaweza, ni sawa, ila ukiandika =10000+5000 hata miezi mitatu baadaye ukibofya pale kule juu utakumbuka kwamba zilikuja mara mbili. Mimi naipenda hiyo sana kwa hela za watu.

Kisha zile 5000/= nenda moja moja, andika 5000 juu yake, Enter, zikihamia kulia ujue zimekubali. Kama kuna inayogoma kuhama, huenda seli yenyewe iliwekwa kwenye umbo la Text, ibadilishe iwe General halafu andika namba upya.

Sasa swali ambalo hukuuliza lakini ningekuwa wewe ningeuliza: nitajuaje kama hakuna nyingine niliyoifuta? Kuna kitufe kwenye kibodi juu ya Tab, kushoto kwa namba 1, chenye kialama cha ` , shika Ctrl ubonyeze hicho. Jedwali zima litageuka, badala ya majibu utaona maagizo yenyewe, kolamu zitapanuka na itaonekana mbaya, usiogope, ukibonyeza tena inarudi. Kwenye hali hiyo tembeza macho kolamu O kuanzia O5 mpaka O28, kila seli inatakiwa ianze na =SUM, ukikuta namba kavu katikati umemkamata mwizi wako. Baadhi ya laptopu hicho kitufe kinasumbua, basi nenda menyu ya Formulas ubofye Show Formulas, ni kitu kilekile. Na kule chini kabisa kwenye jumla kuu uhakikishe inafika mpaka O28, maana mwanachama akiongezwa mstari wa 29 mtu huwa anasahau kurefusha.

Nirudi kwenye kile kilichokutisha, kwamba unagusa mstari wa juu, unabofya pengine, inajiandikia. Haijiandikii, wewe ndo unaiandikia bila kujua. Ukiwa katikati ya kuandika agizo, Excel mara nyingi inadhani seli unayoibofya unataka kuitaja kwenye hilo agizo, kwa hiyo ukitaka kutoroka kwa kubofya mahali pengine kama tunavyofanya kwenye Word, unazidi kujichimbia, mara utaona agizo limeingiwa na seli ambazo hukuzikusudia, mara dirisha la kukuambia kuna kosa, unabofya OK unarudishwa palepale. Dawa yake ni kitufe kimoja, Esc, kile cha kona ya juu kushoto ya kibodi. Ukibonyeza Esc kila ulichokuwa unaandika kinafutika na seli inabaki kama ilivyokuwa kabla hujaigusa. Pembeni ya fx kuna alama ya X na ya tiki, X ni sawa na Esc, tiki ni sawa na Enter ila tiki haikushushi seli ya chini. Zoea kutoka kwa mlango: ama Esc kama hukukusudia, ama Enter kama umekusudia, kubofya pembeni si mlango. Na ukishabonyeza Enter halafu ukajuta, Ctrl na Z inakurudisha nyuma.

Kuna kidude kidogo chini kabisa kushoto mwa dirisha watu hawakitazami, kinaandika Ready, Enter, Edit au Point. Ready ina maana imetulia, uko salama. Edit ina maana uko ndani ya seli unarekebisha, na hapo vishale vya kibodi vinatembea ndani ya maandishi. Ila ukiwa Enter, yaani ndo umeanza kuandika agizo, vishale vinaanza kuchagua seli, Point inatokea, na ndo ule "uchawi" wako. F2 inakuhamisha kwenda Edit. Kwa hiyo ukitaka kurekebisha agizo bofya seli, bonyeza F2, kwenye laptopu nyingine unashika Fn kwanza, au bofya moja kwa moja kule juu kwenye mstari, ni rahisi zaidi kwa macho hasa agizo likiwa refu. Mstari wenyewe ukipotea siku moja usidhani Excel imeharibika, kuna mtu kaondoa tiki tu, nenda View uweke tiki kwenye Formula Bar.

Kuhusu riba, hujauliza lakini itakuja wakati wa mikopo. Usiandike asilimia ndani ya kila agizo. Weka kiwango chenu seli moja, tuseme B1, na kwenye maagizo uitaje kama $B$1, hizo alama za dola hazihusiani na hela za Marekani, zinaiambia Excel "hata nikikukopi chini usiisogeze hii". Bila hizo dola ukikopi chini B1 inakuwa B2, B3, na riba zote zinakuja sifuri au upuuzi. Ukiwa unaandika, bonyeza F4 baada ya B1 dola zinajiweka zenyewe.

Na mgao. Hapa ndo vikoba vingi vinagombana bure. Tuseme faida ni 1,000,000 na mmekubaliana mgawane sawa watu 24, jibu ni 41,666.66 na sita nyingine zinaendelea bila mwisho, lakini seli ikiwa imefichwa desimali inaonyesha 41,667. Ukilipa kila mtu 41,667 utahitaji 1,000,008, unayo 1,000,000, shilingi nane hazipo na mtu anaanza kukutazama vibaya. Kuficha desimali hakubadilishi namba, ni sura tena. Andika =ROUNDDOWN(1000000/24,-2), inakata kwenda chini mpaka mia kamili, upate 41,600, mara 24 ni 998,400, zile 1,600 zinazobaki mnaziweka mfuko wa jamii mbele ya wote. Na kama mnagawana kwa hisa njia ni hiyohiyo, unapiga hesabu ya kila mtu kwanza ndo unaikata kwenda chini.

Je uanze upya kama alivyosema kijana? Ukianza upya utakopi namba 24 mara wiki 9 kutoka kwenye daftari, hizo ni seli 216 za kuandika kwa mkono, na kila unapoandika kwa mkono unafungua nafasi ya kosa jipya. Kurekebisha seli tano hivi ni dakika kumi. Kuanza upya kungekuwa na maana kama maagizo mengi yamefutwa na hujui lipi lilikuwa zima, au kama faili lenyewe halifunguki. Wewe hujafika huko.

Kinga nzuri kwako ni kufunga kolamu O isiandikike. Chagua seli za C5 mpaka N28, zile unazojaza, nenda Format Cells, sehemu ya Protection, ondoa tiki ya Locked, kisha menyu ya Review ubofye Protect Sheet. Kuanzia hapo ukijaribu kuandika O7 itakukatalia. Paswedi si lazima, na ukiweka iandike kwenye daftari, maana kufuli hili ni la kukuzuia wewe usijikwae, halimzuii mwizi. Ubaya wake ni kwamba mwanachama mpya akija lazima ufungue kwanza, wengine wanachoka wanaacha, mimi naona inafaa kwako.

Ukihamia kutumia simu, mambo ni yaleyale, unagusa seli unasoma mstari, ila kidole ni kinene na ni rahisi kufuta bila kujua. Simu nzuri kwa kusomea watu jumla zao mkutanoni, uandishi ufanyie kwenye laptopu. Na kwa wasomaji wa Bujumbura au Lubumbashi ambao kompyuta zao ziko Kifaransa, SUM kwenu ni SOMME na mahali pa alama ya mkato kati ya vitu viwili mnaweka nukta mkato, mkinakili ya kwangu herufi kwa herufi itawagomea.

Lini utafute mtu wa kukaa naye? Ukirekebisha nilivyosema na bado kuna tofauti, hata ya 2,000, mwite binti yako akiwa likizo au mwalimu wa kompyuta wa karibu, mkae na daftari, nyie wawili na katibu, msome mstari kwa mstari. Daftari usiliache hata siku moja, ndo shahidi wako. Faili lina majina ya watu na hela zao, kwa hiyo usimtumie mtu usiyemjua kwenye mtandao eti akurekebishie, na namba ya siri ya simu ya kikoba haihusiki na Excel hata kidogo, anayeiomba mkimbie. Kama tofauti inaonyesha hela *pungufu* na daftari linakubaliana na kompyuta, hapo si tatizo la fomula tena, ni la mkutano, na likishindikana muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Fanya hayo yote kabla ya wiki ya 12, maana siku ya kuvunja watu wameshapiga hesabu zao vichwani na hakuna atakayekuwa na subira ya kukuangalia ukibonyeza F2.